Jina kwenye daftari la deni: uchambuzi wa kisa cha filamu fupi ya watoto, Kisumu

Kisa hiki kinahusu filamu ya dakika 22 iliyotengenezwa katika mmoja wa mitaa ya mabanda inayouzunguka mji wa Kisumu. Majina ya watu, jina la mtaa na kichwa cha filamu yameondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaotengeneza filamu na watoto mitaani, kwa sababu kundi hili lilifanya mengi vizuri kuliko wengi, na bado mtoto akaumia.

Usuli

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mvulana wa miaka 10 anaishi na nyanyake. Mama yake ni mlevi anayepika chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Mtoto anajitafutia kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu: anaifunga kamba, anaivuta barabarani, misumari na vipande vya vyuma vinanasa, naye anauza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Dukani ana deni la unga na sabuni, limeandikwa kwenye daftari. Filamu inafuata siku 4 za kulipa deni hilo.

Kundi lilikuwa la watu 9, na kamera moja. Sehemu kubwa ya pesa ilikwenda kwenye chakula, usafiri na kukodisha vifaa vya sauti.

Ingawa mhusika ana miaka 10, aliyechaguliwa kuigiza alikuwa na miaka 13, mdogo wa umbo. Huo haukuwa uamuzi wa sura tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo. Kwa hiyo kundi lilitafuta watoto wa miaka 13 na 14 wanaoonekana wadogo, likarekodi likizo ya Agosti. Watoto wadogo zaidi walionekana kwa mbali tu, wakicheza zao, mama zao wakiwa karibu.

Mlezi wa mvulana huyu aliyeigiza ni nyanyake, ambaye mtaa mzima unamwita dani. Mama yake mzazi yuko hai, anafanya kazi za nyumbani Nakuru, na hutuma pesa kila mwezi. Yeye si mlevi na hajawahi kupika chang'aa. Jambo hilo litarudi.

Maandalizi

Watoto 8 walihudhuria warsha ya Jumamosi 5. Hawakupewa maneno ya kukariri. Walipewa hali: dani amelala bila kula, wewe una shilingi 30, ingia dukani. Wakaongea wanavyoongea, Kiswahili kimechanganyika na Dholuo na Sheng, na mwandishi akanakili yaliyofaa.

Warsha hizo ndizo zilizoiokoa hadithi. Mwisho wa awali ulikuwa na mfadhili anayeshuka kwenye gari na kumpeleka mtoto shule ya bweni. Watoto walicheka. Mmoja akasema, "Hakuna mtu huja hivyo." Walipoulizwa mambo yakikunyookea unajuaje, msichana mmoja alijibu kwamba mwenye duka anapiga mstari juu ya jina lako kwenye daftari, na kesho unaweza kuingia bila kuinamisha kichwa. Mwandishi alilifuta gari na kuandika daftari. Ulikuwa mwisho bora mara kumi.

Ridhaa ilichukuliwa kwa karatasi ya kurasa 2, ikasomwa kwa sauti kwa Dholuo. Ilitaja siku, saa, chakula, malipo, na haki ya mtoto kuacha wakati wowote. Malipo yalikuwa shilingi 1,500 kwa siku kwa M-Pesa ya dani, na juu yake mahitaji ya shule ya muhula wa tatu, yaliyolipwa moja kwa moja dukani na shuleni. Kuhusu maonyesho, karatasi ilikuwa na mstari mmoja: filamu "itaonyeshwa kwa umma". Dani alipiga dole gumba. Kwake yeye umma ulikuwa Nairobi, au televisheni, au ng'ambo. Hakuwaza uwanja ulio hatua 300 kutoka mlangoni pake, na hakuna aliyemwambia.

Siku 6 za kurekodi

Kazi ilifanyika saa moja hadi saa nne asubuhi, kisha saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na mbili. Katikati hapo jua la Kisumu liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Watoto walikula, wakalala kidogo kanisani. Alikuwepo mlezi wa watoto aliyelipwa kwa kazi hiyo moja tu: kujua kila mtoto yuko wapi, amekula nini, na nani amechoka. Kamera iliwekwa kama mita 1 kutoka ardhini, kimo cha macho ya mtoto. Ukimpiga picha kutoka juu anaonekana wa kuhurumiwa hata akiwa anacheka.

Sauti ilisumbua zaidi. Kinu cha posho kilikuwa nyumba ya nne, na mwenye kinu alikubali kuzima kwa vipindi vya dakika 20 kwa malipo. Mvua juu ya mabati haizimiki kwa malipo. Fundi wa sauti alikuwa na desturi nzuri: kila mahali, kabla ya kuondoka, aliwanyamazisha watu wote na kurekodi dakika moja ya ukimya wa mahali hapo. Wenzake walimwona anawapotezea muda. Baadaye dakika hizo ndizo zilizofanya marekebisho yawezekane.

Matukio mawili ya filamu yalihitaji tahadhari ya pekee. La kwanza lilikuwa la mgongo wazi, yale mapande ya mbuta yanayobaki baada ya viwanda kutoa minofu, ambayo akina mama hukaanga kwenye karai kubwa. Mtoto alipaswa kuonekana anaomba kichwa cha samaki. Alisimama zaidi ya mita 2 kutoka kwenye mafuta, nao wakapiga kwa lenzi ya milimita 85 kutoka mbali. Lenzi ya aina hiyo hubana umbali, kwa hiyo kwenye skrini anaonekana ameinamia karai.

La pili lilikuwa la kuvuta gundi. Chupa zilikuwa mpya, ndani mna uji mzito wa unga wa ngano uliotiwa rangi. Hakuna gundi halisi iliyofika pale. Wawili kati ya watoto wa pembeni waliwahi kuishi barabarani na kuvuta gundi, nao hawakuitwa siku hiyo. Kuona chupa tu kunaweza kumrudisha mtu alikotoka. Mpaka hapa, mtu anayejua kazi hii hana la kulaumu.

Kosa liliingia siku ya 3, na liliingia likiwa limevaa nguo nzuri. Mwigizaji wa mama, mwanamke mzoefu wa jukwaa, alipaswa kumwita mtoto kwa jina la kwenye skripti. Katika teki ya 5, yaani mara ya tano ya kurekodi tukio lilelile, akiwa amejisahau kabisa ndani ya hasira, alimwita kwa jina lake halisi, lile walilokuwa wakiitana wakati wa chakula. Mvulana aligeuka namna ambayo hakugeuka katika teki 4 za kwanza. Mwongozaji aliona mgeuko ule akasema hiyo ndiyo. Ili majina yasigongane, mhusika akapewa jina la mtoto kuanzia pale. Likatamkwa mara 4 katika filamu nzima. Na katika shoti ya mwisho, yaani picha inayofunga filamu, likaandikwa: daftari la deni, jina la mtoto kwa wino wa buluu, kisha mstari wa mwenye duka juu yake.

Nyumba iliyotumiwa ilikuwa ya dani mwenyewe, kwa sababu ilikuwa karibu na haikuwa na kodi. Ina mlango wa buluu unaojulikana na kila mtu anayepita pale kwenda kuteka maji.

Usiku wa maonyesho

Mwezi wa Oktoba kundi liliamua kuonyesha filamu uwanjani kama shukrani kwa mtaa, Ijumaa, saa moja na nusu usiku. Kabla ya hapo anga bado lina mwanga na picha hufifia. Skrini ilikuwa shuka nyeupe zilizoshonwa pamoja, upana wa mita 4. Jenereta iliwekwa mita 30 nyuma ili ngurumo yake isimeze spika. Wadudu wa ziwani waliuvamia mwanga wa projekta kama moshi, mpaka mtu akaning'iniza balbu kali pembeni kuwavuta huko. Watu kama 300 walikuja. Waigizaji watoto waliketi mbele kwenye mkeka.

Dakika ya 9, mama wa kwenye filamu akaliita jina. Uwanja ulilipuka kwa kicheko cha furaha: ni yule, ni yule wetu! Kisha mlango wa buluu ukaonekana. Kisha mama akaanguka na jerikeni yake ya chang'aa. Kicheko kikabadilika. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe ndiyo sababu mama yake haonekani.

Tazama jinsi vitu vilivyopangana. Mtoto ni halisi, jina ni halisi, mlango ni halisi. Cha kubuni ni kimoja tu, ulevi wa mama, nacho hakikuwa na alama yoyote ya kukitofautisha na vingine vitatu. Mtazamaji aliyeamini hakuwa mjinga.

Mvulana aliondoka mkekani dakika ya 14. Hakuna aliyemwona, kwa sababu umeme wa jenereta ulikuwa umeyumba, projekta ikajizima, na watu wote wa kundi walikuwa wameinama juu ya waya. Yule mlezi wa watoto hakuwepo. Alikuwa amelipwa kwa siku za kurekodi tu.

Kabla ya filamu kwisha, kipande cha sekunde 40 kilichorekodiwa kwa simu kilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mama yake alikiona Nakuru kabla ya saa nne usiku. Jumatatu shuleni mvulana alikuwa na jina jipya, mtoto wa chang'aa, na Jumanne hakwenda. Watu 3 walimfuata dani kukopa, kwa uvumi kwamba alilipwa laki.

Maamuzi yaliyofuata

Jumapili, siku mbili baada ya onyesho, mwongozaji alikwenda kwa dani pamoja na mzee wa mtaa. Dani aliwakaribisha chai kwanza. Kisha akasema, "Mlisema ni mchezo, wanangu. Mchezo gani unamwita mjukuu wangu jina lake, halafu unaingia kwa mlango wangu?"

Pendekezo la kwanza la mwongozaji lilikuwa kuweka maandishi mwanzoni: hadithi hii ni ya kubuni. Mama, akiwa kwenye simu iliyowekwa spika, alilikataa papo hapo. Nusu ya wale watu hawatasoma, alisema, na wengine watakuwa bado wanatafuta pa kukaa. Alikuwa sahihi. Alitaka jina litoke na mlango utoke. Dani akasema mlango ni wake na hauna kosa, ubaki; jina litoke. Wakaafikiana hivyo, na maonyesho yote yakasimamishwa mpaka wao wawili watazame toleo jipya na kulikubali.

Kufuta filamu nzima kulijadiliwa. Mvulana mwenyewe, alipoulizwa peke yake bila mwongozaji kuwepo, alikataa. Alisema anaipenda ile ya sumaku.

Kutoa jina lililotamkwa kulichukua siku 3. Mwigizaji wa mama alirekodiwa upya kwenye chumba kidogo kilichozungushiwa magodoro. Jina jipya lilibidi liwe na silabi 3 kama la zamani na lianze kwa herufi ya kufunga midomo, b au m au p, la sivyo midomo na sauti vingekataana. Mara 2 ilikaa sawa, kwa kuwa ile dakika ya ukimya wa nyumba ilikuwepo na iliweza kutandikwa chini ya sauti mpya. Mara ya 3 uso ulikuwa karibu mno, wakaufunika kwa shoti ya mtoto akisikiliza. Mara ya 4 ilikuwa chini ya mvua. Mvua haijirudii, kwa hiyo ukisikiliza kwa makini unasikia mahali ilipokatwa. Wakaiacha hivyo.

Jina lililoandikwa lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu ndilo lililobeba matumaini ya filamu yote. Walirudi dukani na daftari lilelile na kalamu ya rangi ileile, wakafungua ukurasa mpya. Mikono ya mvulana haikuhitajika. Fremu ilibanwa ikabaki mikono ya mwenye duka pekee.

Kuna jambo lingine ambalo kundi lililirekebisha kimyakimya. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu iainishwe na Bodi ya Kuainisha Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Onyesho la uwanjani lilichukuliwa kama la nyumbani tu. Halikuwa la nyumbani, na toleo jipya lilipelekwa kuainishwa kwanza.

Matokeo

Onyesho la pili lilifanyika uwanja uleule wiki 5 baadaye. Kabla ya filamu, mwigizaji wa mama alisimama na maikrofoni, akasema jina lake, anakotoka, na kwamba yeye hajaolewa wala hana mtoto, ila analipwa kuanguka. Watu walicheka. Mama wa mvulana alikuwa amelipiwa nauli kutoka Nakuru. Hakuombwa kusema neno; aliketi mbele, akaonekana, ikatosha. Mvulana alikuwa kwa binamu yake, kwa hiari yake.

Alikosa shule siku 8. Utani ulipungua bila kwisha kabisa. Mwalimu mmoja alisaidia kwa njia isiyo na hotuba: alimwomba aeleze darasani jinsi lenzi inavyofanya karai lionekane karibu, na kwa dakika 10 akawa fundi. Dani hakukopesha mtu.

Uchambuzi

Kundi hili lilimlinda mtoto dhidi ya mafuta, gundi, njaa na jua. Hatari zote hizo zilikuwa mbele ya kamera, wakati wa kurekodi. Ulinzi ulikoma siku ya 6, malipo ya mlezi wa watoto yalipokoma. Lakini kwa mtoto anayeishi mtaani humo filamu haimaliziki pale. Inaanza pale majirani wanapoiona. Siku ya maonyesho ilipaswa kuhesabiwa kama siku ya 7 ya kazi, yenye mlezi wake, chakula chake, na mtu asiyegusa waya wa projekta hata ikizimika.

Mwongozaji wa filamu Mira Nair alipotengeneza Salaam Bombay! ya mwaka 1988, watoto wa mitaani walioigiza walipitia warsha kwanza, na baada ya filamu ukaanzishwa mfuko wa Salaam Baalak Trust kwa ajili ya watoto kama wao. Kundi la Kisumu liliiga nusu ya kwanza vizuri sana. Hakuna anayedai kundi la watu 9 lianzishe mfuko. Mlezi wa usiku mmoja lingemudu.

Kuhusu jina, kishawishi kilikuwa cha kweli na kitarudi kwa kila mwongozaji anayefanya kazi bila maneno ya kukariri. Mtoto anayeitwa kwa jina lake anageuka kwa shingo tofauti. Njia ya kulipata hilo bila kulitumia ipo: mpe jina la mhusika tangu Jumamosi ya kwanza ya warsha, aitwe hilo kwenye chakula, kwenye mchezo, kwenye gari, mpaka aliitikie bila kufikiri. Jumamosi 5 zilitosha. Hapa walilitumia la skripti siku za kurekodi tu, ndiyo maana hasira ilipompanda mwigizaji, ulimi ulichagua lile lililozoeleka. Na mhariri, aliyekaa na filamu wiki 6, hakumjua mtoto nje ya skrini. Hakuna aliyemwambia kwamba lile jina si la kubuni.

Karatasi ya ridhaa ilikuwa nzuri mahali pote ila pale ilipoandika umma. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na sahihi ilikuwepo, lakini dole la dani lilikubali kitu ambacho hakukiona. Toleo ambalo kundi linatumia sasa linataja mahali kwa mahali: uwanja wa hapa, shule za Kisumu, mji mwingine, televisheni, intaneti. Kila kimoja kina ndiyo yake na hapana yake, na mlezi anatazama filamu iliyokamilika kabla ya kujibu. Familia mbili tayari zimekubali vyote isipokuwa uwanja wa hapa. Zinasema Nairobi hakuna anayewajua.

Nyumba ya mtoto isitumiwe kamwe kama nyumba ya mhusika wake. Kodi ya siku 6 ya nyumba nyingine mtaani humo ingekuwa ndogo kuliko nauli, chumba cha magodoro na siku za mhariri zikijumlishwa.

Lililofanya kazi, na inafaa kulitaja, ni kwamba kosa lilirekebishwa hadharani, mbele ya watu walewale, kwa mdomo wa mtu aliyeonekana akifanya lile lililoaminiwa. Maandishi kwenye skrini yasingefika huko.

Kile kipande cha sekunde 40 hakikufikiwa. Aliyekituma alikifuta alipoombwa na mzee wa mtaa, ila kilikuwa kimeshapita kwenye simu nyingine, na humo bado mtoto anaitwa kwa jina lake. Siku hizi kundi humweka mtu mbele ya skrini anayeomba simu zishushwe. Watu hutii kwa kama dakika 10, kwa hiyo tukio la mama lilisogezwa likawa dakika ya 6.